Kadi ya Kukwangua

Valdivia, mwezi wa nane. Mvua haijapumzika tangu Jumatatu.
Meza sita, makoti ya sufu yanatoa harufu ya kondoo aliyelowa.
Nimewapanga mimi. Sikuwaacha wachaguane,
maana wakichaguana, hodari hukaa na hodari,
na waliobaki huitwa "waliobaki" hadi Desemba.

Kwanza kila mtu na karatasi yake: maswali kumi, kimya.
Kisha maswali yale yale, kadi moja kwa meza nzima.
Unakwangua kwa sarafu; chini ya utando wa rangi ya fedha
kuna nyota, au hakuna kitu.
Ukikosa, kwangua tena, na alama zinamomonyoka.

Meza ya nne, swali la saba:
boriti imechomekwa ukutani upande mmoja,
ncha ya pili inaelea, imebeba mzigo.
Ufa utaanzia wapi?

"Chini," akasema Belarmino, ambaye sauti yake
huingia darasani kabla ya viatu. "Boriti hupasuka chini. Tumesoma."
"Juu," akasema Rayén, "penye ukuta,"
kama mtu anayeomba radhi kwa kukohoa.
Sarafu ikaenda chini. Hakuna kitu.
Ikaenda katikati. Hakuna kitu.
Nyota ilikuwa juu, penye ukuta, imetulia.

Karatasi zao nilikuwa nimeshazisahihisha.
Rayén: kumi kwa kumi. Meza yake: saba.
Walikuwa na akiba ndani ya nyumba, wakaenda kukopa kwa jirani.

Watu husema umoja ni nguvu.
Nguvu ndiyo kazi yangu, mwaka wa kumi na tisa sasa:
nguvu ina ukubwa, na ina mwelekeo,
na sita zinazovutana pande sita
jumla yake ni sufuri
na chuma kilichochoka.

Nikauma ulimi. Chaki ikageuka unga mfukoni.

"Ulijuaje?" Belarmino akauliza. Haikuwa samahani,
lakini ilikuwa mara ya kwanza sentensi yake kupinda mwishoni.
Rayén akatoa mkate wake wa mchana,
akaubana kwenye ukingo wa meza, akaikandamiza ncha.
Ganda likafunguka juu, karibu na vidole vyake.
Makombo yakaanguka kwenye kadi.
Fresia akachora. Hakuna aliyecheka.

Septemba waliandikiana tathmini, bila majina.
Belarmino alipata mstari mmoja: *Unasikiliza kwa mdomo.*
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia pochini pamoja na tiketi ya basi.
Wiki hiyo hiyo walinikatia rufaa, kurasa mbili:
swali langu la tisa lilikuwa na majibu mawili.
Lilikuwa nayo kweli.
Niliwapa alama yao, nikameza kiburi changu kwa chai.

Oktoba, mradi: daraja la waenda kwa miguu, mita sita,
juu ya mtaro nyuma ya karakana.
Eusebio alipotea siku tatu, bibi yake amelazwa kule Corral;
hawakulifuta jina lake. Walimtumia mahesabu hospitalini,
naye akayarudisha na kosa limezungushiwa duara.

Ijumaa tukapakia mifuko ya mchanga.
Daraja likapinda sentimita nne zaidi ya ruhusa.
Halikuanguka. Wala halikufaulu.
"Nini kimetokea?" nikauliza, mvua ikiniingia kwenye kola.

Belarmino akafungua mdomo.
Akaufunga.
Akamtazama Rayén, aliyekuwa amechuchumaa kwenye matope,
sikio kwenye mbao, akiisikiliza kila bolti.
"Subirini," akasema, bila kuomba radhi.

Wakasubiri wote watano.
Belarmino alikuwa ameshika kalamu.